Ringi Ikilia, Msikimbie

Inspekta Jumwa Chengo alikuwa anaogopa, na hakuona haja ya kujidanganya. Woga ulimwanza tangu helikopta ilipoinama juu ya Garsen akaona mji umebaki vipandevipande: paa huku, vilele vya miti kule, na katikati maji mazito ya rangi ya chai. Mvua za El Nino zilikuwa zimeuvunja Mto Tana kingo zote mbili. Na woga huo ulizidi alipokanyaga ua wa shirika la misaada, Konstebo Galgalo akampokea kwa saluti na habari mbili mbaya.

Ya kwanza: bastola iliyomuua Menza, mtunza stoo, haijaonekana. Ya pili: tangu Menza auawe jana baada ya chakula cha mchana, hakuna mtu aliyetoka humo uani.

"Mashua ile pale, imefungwa," Galgalo alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyekulia nyuma ya ng'ombe wa baba yake, kifupi na kisicho mapambo. "Mimi naikalia macho usiku mzima, na lango nalifunga. Maji iko pande zote."

"Kwa hiyo bastola iko humu humu."

"Iko humu, Madam. Natafuta kila chumba, kila godoro. Hata chooni naingiza mti."

"Na aliyeifyatua?"

Galgalo alielekeza kidevu kwenye mnara wa tangi la maji. Bawabu wa shirika, Adano, alikuwa ameketi chini amefungwa pingu kwenye mguu wa chuma wa mnara huo. Kanzu yake ilikuwa imekauka damu mpaka kwenye viwiko.

"Tunamkuta amemwinamia marehemu. Alasiri helikopta inarudi, inampeleka Hola kwa kosa la kuua. Inangoja sahihi yako tu."

Jumwa alitazama nje ya uzio wa waya. Juu ya tuta la barabara, pahali pekee palipobaki pakavu, mamia ya watu waliokimbia mafuriko walikuwa wamepiga mahema ya plastiki. Mpaka jana walikuwa wamechanganyika, wakulima ndugu zake Menza na wafugaji ndugu zake Adano, wakichota maji pipa moja. Leo tuta lilikuwa limegawanyika. Katikati palikuwa na uwazi ambao hata watoto hawakuuvuka, na kila upande wanaume walikuwa wameketi wakinoa. Panga la kukatia kuni halihitaji kunolewa hivyo.

Adano akipandishwa helikopta kama muuaji, Hola watamngoja hakimu. Tutani hawatamngoja mtu. Jumwa alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Bastola yake mwenyewe ilikuwa imebaki Malindi, kwa sababu mtunza silaha hakuonekana na rubani hakutaka kungoja. Humu ndani mwenye bunduki ya serikali alikuwa Galgalo peke yake. Mwenye ile nyingine hakujulikana.

Alichuchumaa mbele ya Adano.

"Mzee, mlio uliusikia?"

Adano alimtazama kwa macho mekundu. "Mama, nasikia milio mingi sana. Ringi ilikuwa imelia."

"Ringi gani?"

Galgalo ndiye aliyemweleza, huku akionyesha ringi ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini karibu na jiko. Ofisini kulikuwa na kompyuta, na ndani ya kompyuta kulikuwa na mchezo ulioachwa na fundi mmoja mgeni. Mchezaji huona mikono tu mbele yake, imeshika bunduki. Hupita vyumbani akiwapiga madude risasi, nayo madude humpiga yeye. Siku ya kwanza mchezo ule ulipopigwa kwa spika, watu wa tutani walidhani wamefika majambazi wa barabarani, wale waliovamia lori la shirika kabla ya maji na kumuua dereva. Walikimbia wakajitosa majini na watoto mgongoni. Mtoto mmoja alidakwa kwa nywele akiwa anazama. Ndipo mkuu wa shirika akatoa amri kwa redio: kabla mtu hajacheza, apige ringi mara tatu. Mahema yote yakaambiwa: ringi ikilia, msikimbie, ni kompyuta.

"Na jana ilipigwa?"

"Mara tatu," Adano alisema. "Kila mtu anasikia. Halafu bunduki ya kompyuta, du-du-du-du. Mimi nakaa langoni. Sala inakaribia, naenda kwa Menza kuomba maji ya kutawadha, yeye ndiye anaweka pipa. Nakuta amelala. Naweka mkono kifuani, nasema damu isitoke. Inatoka tu." Alivitazama viganja vyake. "Mke wangu Barwako yuko hemani, ana mimba kubwa. Mwambie mimi nilikuwa naziba."

"Ringi aliipiga nani?"

"Swaleh wa redio. Nani mwingine? Linda daktari alikuwa Hola."

Linda hakuwa daktari, alikuwa muuguzi. Lakini tutani kila mwenye sindano ni daktari. Asubuhi hiyo alirudi na chanjo ndani ya helikopta ileile iliyomleta Jumwa, kwa hiyo huyo damu ya Menza haikumhusu. Galgalo alikuwa zamu tutani. Walibaki watu watatu waliokuwa uani jana: Adano, Alice mpishi, na Swaleh.

Swaleh aliwakuta mlangoni mwa ofisi kabla hawajamwita. Alikuwa kijana wa Kipini, mtanashati, shati limepigwa pasi katikati ya mafuriko yote yale, na Kiswahili chake cha pwani kilimwagika kama asali.

"Karibu, afisa, karibu. Yeo umekuja kututoa katika dhiki. Menza alikuwa ndugu yangu, wallahi. Sahani moja, sinia moja."

"Pole sana," Jumwa alisema. "Ulikuwa wapi jana alipouawa?"

"Humu. Baada ya kula nilipiga ringi, kama ilivyo ada, nikaingia kucheza. Sikutoka mpaka niliposikia Adano akipiga mayowe. Muulize Alice, jiko ni hapo tu. Milio ya mchezo wangu aliisikia mwanzo mpaka mwisho."

Galgalo alifungua kufuli aliyokuwa ameifunga yeye mwenyewe jana. Ndani palikuwa na giza na joto, na kitu kilikuwa kinavuma. Jumwa alisimama kizingitini.

"Ni mashine," Galgalo alisema kwa haya. "Jana nawatoa watu wote, inapiga kelele, mimi sijui kuizima. Nazungusha hiki kidude cha spika, kelele inakufa. Nabonyeza hiki, picha inakufa. Nafunga mlango. Jenereta haizimwi, kuna friji ya chanjo."

Jumwa alibonyeza kidude cha skrini.

Picha ilirudi taratibu, na Jumwa mwenyewe alirudi nyuma hatua moja. Palikuwa na chumba cha mawe. Mikono miwili ilikuwa imeshika bunduki, imetulia kama mikono ya mtu aliyelala. Mbele yake dude kubwa lenye meno lilikuwa linampiga mwenye mikono ile, linampiga, linampiga, na nyuma mengine mawili yalikuwa yanamfyatulia risasi bila kituo. Spika zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo kipigo chote kile kilikuwa kimya. Chini kabisa palikuwa na tarakimu: mia moja.

"Mungu wangu," alisema Jumwa. "Limekuwa likimpiga tangu jana?"

"Imekwama, afisa," Swaleh alisema upesi. "Mashine hizi hukwama. Nipe ruhusa niizime, inakula mafuta ya chanjo bure." Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye swichi.

Jumwa aliudaka. Hakujua kwa nini. Labda ni ule upesi wa sauti.

"Acha kama ilivyo."

"Ni mchezo tu, bibie."

"Basi uache ujicheze."

Walitazamana. Swaleh alitabasamu, akautoa mkono wake polepole. Chumba cha pili redio ilikoroma ikimwita, naye akaomba radhi akaenda kuijibu. Jumwa alibaki ameikazia macho skrini. Maisha yake yote alikuwa ameona vitu vilivyokwama: magari, milango, kesi. Kitu kilichokwama hakisogei. Dude lile lilikuwa linasogea.

* * *

Alice alikuwa anasugua sufuria kwa jivu. Alikuwa mama wa makamo, kitambaa cha kanisa kichwani, na alipomwona Jumwa alitazama kwanza nyuma yake kuona kama amefuatwa.

"Umefunga mlango wa uani, dada?"

"Galgalo yuko nje, anailinda ofisi. Unamwogopa nani?"

"Mwenye bastola. Si iko humu? Nami nalala hapa, mlango wangu ni gunia."

Jumwa aliketi kwenye kigoda. "Jana Swaleh alikuwa ofisini?"

"Alikuwa. Ringi ililia, bunduki zikaanza, hazikunyamaza hata kidogo mpaka Adano alipolia. Kwa Biblia naapa."

"Hazikukoma hata kidogo?"

"Hata kidogo! Na siku zote hukoma. Yule kijana, dada yangu, ana mdomo mchafu, wee! Kila akifa mle mchezoni, kimya, kisha linatoka tusi la kumkausha mtu mate. Mama wa mtu, baba wa mtu, hata mbuzi wa mtu hasalimiki."

"Hufa mara nyingi?"

"Kufa kwake ni kama kunywa maji. Hajakaa vizuri keshakufa, keshatukana. Linda humcheka mpaka machozi."

"Na jana alitukana?"

Mkono wa Alice ulisimama ndani ya sufuria.

"Jana nilimshukuru Mungu," alisema taratibu. "Jumapili nilimwonya, mwanangu, ulimi huo utakupeleka pabaya. Basi jana nimeosha vyombo vyote, nimechambua maharagwe yote, bunduki zinalia tu, dude lake linakoroma, na yeye kimya. Hakutoa hata tusi moja. Nikasema, kumbe maneno yangu yamemwingia."

"Alice. Ulimsikia Swaleh, au uliisikia kompyuta?"

Mama wa watu aliutoa mkono sufuriani. Jivu lilikuwa linamdondoka vidoleni. Kisha akaanza kulia bila sauti, na maneno yakatoka yakiwa yamebanana.

"Menza alikuja hapa asubuhi ya jana. Chai hakuimaliza. Akaniuliza, Alice, ukimsikia rafiki yako anauza watu redioni, utamsitiri ama utamsema? Nikamwambia nenda kwa Galgalo sasa hivi. Akasema hapana, nitazungumza naye kwanza mwenyewe, tumekula sahani moja."

"Na hukusema!"

"Ningesema vipi? Niliapa nilimsikia anacheza. Masikio yangu ndiyo yaliyomtoa hatiani. Nikadhani Menza alikuwa na rafiki mwingine." Alijifuta kwa kanga. "Na niliogopa, dada. Ndiyo, niliogopa."

Jumwa hakumlaumu. Yeye mwenyewe aliogopa. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema ufanyeje ukiwa umefungiwa na kikulacho ndani ya uzio mmoja, huku kina bastola na wewe una kalamu.

Alitoka akamvuta Galgalo pembeni ya tangi, akasema kwa sauti ya chini.

"Nenda tutani. Pande zote mbili, umesikia? Waambie leo hakuna anayecheza. Mimi sichezi, Linda hachezi. Wakisikia ringi, si mchezo. Waache kila kitu, waje wote kwenye uzio."

"Kwa nini ringi ilie, Madam?"

"Aliyemuua Menza alijificha nyuma ya ringi. Akitaka kuua tena, atajificha palepale."

Galgalo alikuna shingo. "Hawa watu tangu jana hawasemezani. Upande mmoja ukija, upande wa pili utasema ni vita. Na wewe unabaki na nani?"

"Nabaki na Linda. Nenda, usikimbie, uende kama mtu anayekwenda kuomba ugoro."

Alimtazama akitoka langoni na bunduki yake begani. Kisha akaenda kumtafuta Linda.

* * *

Linda alikuwa msichana wa vituko, suruali ya jinzi chini ya koti jeupe la uuguzi, na macho yalikuwa yamemvimba kwa kumlilia Menza. Lakini alipoketi mbele ya skrini ile, kilio kilimwisha.

"Manze," alinong'ona. "Huyu mbona hafi?"

"Swaleh anasema imekwama."

"Imekwama wapi! Cheki, wanampiga. Cheki hapa chini, hii ndiyo afya yake. Mia. Ungeacha kibodi mahali kama hapa, ungekufa kabla hujapiga chafya. Huyu kapigwa tangu jana na hajapungua hata moja." Alikunja uso. "Ametumia neno."

"Neno gani?"

"Kuna maneno ya siri. Walioutengeneza mchezo waliyaweka kwa ajili yao wenyewe, kuujaribu. Sisi tulikatazana. Mimi, Menza na Swaleh tulikubaliana, anayetumia neno ni mwizi, ukifa umekufa. Ngoja." Kidole chake kilienda kwenye kitufe kimoja juu kushoto mwa kibodi. "Ukibonyeza hapa, pazia linashuka. Yote uliyoiandikia mashine utayaona hapo."

"Bonyeza."

Pazia la kahawia lilishuka nusu ya skrini. Palikuwa na mistari ya Kizungu mingi isiyo na maana kwa Jumwa, na chini yake, peke yake, herufi tatu zilizoandikwa kwa mkono wa mtu: god. Mstari uliofuata mashine ilijibu kwamba imekubali.

"Maana yake Mungu," Linda alisema. "Ukiandika hilo, huumii, hufi. Unaweza kuwaacha wanakupiga, ukaenda sokoni, ukarudi ukawakuta wanakupiga bado."

"Na milio haikomi."

"Itakoma vipi? Hafi."

Jumwa aliutazama mlango wa nyuma. Sasa aliiona jana yote kama aliyekuwapo. Swaleh amepiga ringi, watu wa tutani wametulia. Ameingia, ameenda mpaka kwenye chumba chenye madude, ameandika neno lake, ameongeza sauti, ametoka kwa mlango wa nyuma. Alice anachambua maharagwe akimsikia mtu asiyekuwapo. Menza yuko stoo anamngoja rafiki yake waongee. Risasi moja ya kweli katikati ya mia za uongo, nani angegeuka? Kilichomponza ni kwamba Adano alikwenda kutafuta maji ya kutawadha mapema, na Galgalo akafunga ofisi kabla mtu hajarudi kuuzima mchezo.

"Usiguse kitu tena," alimwambia Linda. "Galgalo akirudi lazima aone kwa macho yake, na Alice pia."

Hapo ndipo ringi ilipolia.

Ngaa.

Linda aliinua kichwa. "Nani anacheza?"

Ngaa.

Kisha aliuona uso wa Jumwa, akanyamaza.

Ngaa.

Jumwa alitega sikio. Alihesabu kichwani umbali wa kutoka langoni mpaka tutani, hema la kwanza, hema la mwisho, ule uwazi wa katikati, na maneno machache ya Galgalo. Je, alishafika? Alianza upande gani? Kama alikuwa angali anasalimiana, basi mamia ya watu walikuwa wameisikia ringi ile na kuambiana kama kawaida: tulieni, ni kompyuta. Alijuta kumtuma. Alijuta kuja. Aliruka kuufunga mlango, lakini mlango ulisukumwa kwanza.

Swaleh alikuwa na bastola, na mchanga mkavu ulikuwa unadondoka kutoka kwenye mtutu wake ukianguka kwenye shati lile la pasi. Jumwa alielewa kosa la Galgalo: alitafuta mpaka chooni, lakini hakutia mkono kwenye ndoo ya mchanga wa kuzimia moto, kule kwenye kibanda cha jenereta. Na mwangalizi wa jenereta alikuwa Swaleh.

"Bibie Linda, ondoka kitini," alisema kwa upole uleule. "Nenda ukutani na afisa. Taratibu."

"Swaleh," Linda alisema. "Menza alikuwa..."

"Najua alikuwa nani!" Alipiga hatua mbele. "Mwamjua nyinyi zaidi yangu?"

Jumwa alimshika Linda akamweka nyuma yake. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya mtu mwingine, nyembamba. "Lile lori lililovamiwa kabla ya maji, dereva akafa. Ni wewe uliyewaambia majambazi siku?"

"Siku tu. Mimi nilitaja siku tu. Dereva sikumpiga mimi."

"Na Menza?"

"Alinisikia nikiwatajia siku ya mashua ya misaada. Akaja kunipa muda. Rafiki yangu! Mpaka alasiri, Swaleh, ujisalimishe mwenyewe, ama niseme. Mpaka alasiri!" Alicheka, na kicheko kile kilikuwa karibu sana na kilio. "Afisa, mimi sitaki damu zaidi. Nataka mashine hii izimwe, na nataka mashua. Mto naujua mpaka Kipini. Lakini nyinyi mtapiga mayowe."

"Ukitupiga risasi watu watasikia."

"Watasikia nini? Ringi imelia." Na bila kuwaondolea macho, alinyoosha mkono wa kushoto kwenye spika, akazungusha kidude mpaka mwisho.

Chumba kilijaa vita. Risasi zilikuwa zinarindima kwenye kuta za mabati, dude linanguruma, Linda ameziba masikio. Jumwa hakusikia tena maji wala jenereta wala pumzi yake mwenyewe. Aliuona mdomo wa bastola ukipanda kutoka tumboni mwake kuja kifuani, na woga ulikuwa mwingi hata hakuweza kusali. Aliwaza jambo moja la kijinga, kwamba nguo alizoanika nyumbani hazijaanuliwa.

Kisha, nyuma ya bega la Swaleh, kwenye dirisha la wavu, alimwona mwanamke.

Alikuwa ameushika uzio kwa mikono yote miwili, tumbo limemtangulia, maji yanachuruzika kwenye buibui lake. Ubavuni pake alikuwa amesimama mwanamume mwenye panga, na uso wa mwanamume huyo ulikuwa wa Menza, sura ileile ya kwenye picha ya kitambulisho alichoonyeshwa, ila mkubwa zaidi. Nyuma yao wengine walikuwa wanafika, wa upande huu na wa upande ule, wamechanganyika tena, wazee, wanawake, wenye mapanga na wenye vijiko vya kupikia. Hawakupiga kelele. Au walipiga, na kompyuta iliwameza. Walisimama wakitazama dirishani.

"Geuka, Swaleh," Jumwa alisema kwa nguvu zote.

"Ujanja wa kitoto!"

"Basi usigeuke. Piga. Wanakutazama."

Hakugeuka kwa maneno ya Jumwa. Aligeuka kwa sababu Linda alikuwa amekodoa macho dirishani na mdomo umemwachama. Aligeuza shingo kidogo tu, akawaona, na rangi ikamtoka. Mamia ya watu walioambiwa ringi ikilia wasikimbie hawakutulia hemani, wamekuja.

Bastola ilishuka yenyewe. Galgalo aliingia kwa mlango wa nyuma na bunduki yake, akamwangusha kifudifudi, na Jumwa akaifikia spika akainyamazisha. Milio ilikatika. Ndipo walipomsikia Swaleh. Alikuwa amelala uso sakafuni anatukana, moja baada ya jingine, mama wa mtu, baba wa mtu, na Alice aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko hakuyaziba masikio yake.

* * *

Waliitwa mmoja mmoja kuitazama skrini: Galgalo, Alice, na ndugu yake Menza, ambaye jina lake lilikuwa Tsuma. Linda aliwaonyesha zile herufi tatu. Kisha Jumwa mwenyewe alienda kwenye mnara wa tangi na ufunguo wa pingu. Alizifungua. Adano aliinuka. Alijisugua vifundo, akatembea mpaka kwenye uzio, na Barwako akaingiza vidole vyake kwenye matundu ya waya akamgusa damu iliyokauka kwenye kanzu. Tsuma alikuwa kando yao. Alimsogelea Adano.

"Nimeambiwa ulikuwa unaziba," alisema.

"Nilikuwa naziba," Adano alijibu. "Haikuzibika."

Tsuma aliitikia kwa kichwa. Panga alikuwa ameliegemeza kwenye nguzo, na hakulichukua tena.

Chini ya mwarobaini, Alice alikuwa amepanda juu ya kigoda anakata kamba kwa kisu cha vitunguu. Ringi ilianguka kwenye tope kwa kishindo, na kundi zima langoni likashtuka kwa pamoja.

"Sasa hiyo mmeiondoa," Tsuma alimwambia Jumwa. "Tuliambiwa ringi ikilia tusikimbie. Ndugu yangu akauawa sisi tumekaa hapa, watoto wanacheka, wanasema ni kompyuta. Haya, leo mmemkamata mmoja. Kesho tukisikia mlio, tutajuaje?"

Wote walikuwa wanamngoja ajibu, wa pande zote mbili. Jumwa alitafuta neno la kiaskari, neno la kutuliza watu, kama lile alilofundishwa chuoni. Hakulipata.

"Kimbieni," alisema. "Kila mara. Hata ikiwa ni mchezo, kimbieni."

Kwa mbali, upande wa Hola, helikopta ilianza kusikika, ikija kumchukua mtu ambaye si Adano tena. Ilikuwa sauti ndogo tu. Mtoto mmoja aliangusha kikombe akaanza kukimbia kuelekea kwenye mahema, wa pili akamfuata, kisha wote. Siku zote kulikuwa na mtu mzima wa kuwaita, rudini, si kitu. Safari hii hakuwaita mtu. Barwako alikuwa ameshashika tumbo lake anatafuta pa kupita, na Jumwa aliona kwamba yeye mwenyewe, Inspekta wa polisi, alikuwa amekwisha geuka na hatua moja ameshaipiga.